Lori Likirudi Tupu: Ushauri kwa Malindi Inayogombea Bohari Kubwa

Mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha wafanyabiashara hapa Malindi. Habari ilikuwa kwamba kuna kampuni inatafuta mahali pa kujenga bohari kuu la kusambazia bidhaa zake kaskazini mwa Pwani, na kwamba Kilifi na Mariakani nao wanaligombea. Tulikaa kama watu ishirini chini ya feni moja, kila mtu akataja zuri la mji wetu. Mmoja alisema bahari. Mwingine alisema nguzo ya Vasco da Gama. Mimi nilisema watu wetu ni wakarimu. Wiki mbili baadaye akaja mtu wa kampuni, kijana mpole mwenye daftari dogo, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Lori letu likishusha hapa, litarudi Mombasa na nini?"

Hakuna aliyejibu.

Swali lile liliniuma mimi zaidi, kwa kuwa mimi ndiye niliyestahili kulijibu. Nimekuwa karani wa godauni Shimanzi, Mombasa, miaka kumi na tisa, kabla sijarudi nyumbani kufungua duka la jumla. Nimeandika malori yakiingia na malori yakitoka mpaka kidole kikaota sugu. Najua kwamba dizeli, tairi, mshahara wa dereva na posho ya taniboi, yaani msaidizi wake, havijui kama lori lina mzigo au halina. Kutoka Mombasa mpaka hapa ni kama kilomita 120. Likija limejaa sabuni na unga, kisha likarudi tupu, ile sabuni ndiyo inayolipa safari zote mbili. Ndiyo maana mwenye kibanda Marafa anauza ghali kuliko mwenzake wa Kongowea kule Mombasa, na wateja wanamwita mlafi bure.

Basi huu ni ushauri wangu kwa Malindi, na kwa ndugu zetu wa Lamu ambao zamu yao itafika: kabla hatujaahidi kodi wala ardhi, tutafute kwanza mzigo wa kurudi.

Tuanze kwa kuelewa kinachoombwa. Ghala tulilozoea ni mahali pa kulaza mali. Unanunua sukari bei ikiwa chini, unaifungia, unangoja. Bohari la kusambazia ni kinyume chake: mali ikilala pale, ni hasara. Trela linaingia usiku, mzigo unashushwa, unagawanywa kwa njia zake, na kabla ya jua kupanda magari madogo yameshatoka kwenda Mambrui, Gongoni, Watamu, Garsen. Anayejenga kitu cha namna hiyo anapima saa. Je, gari likitoka alfajiri litashusha wapi, na litakuwa limerudi saa ngapi? Hapo Malindi tuna nguvu ambayo Mariakani hawana, hata kama wao wana barabara kuu ya Nairobi mlangoni. Gari likitoka kwetu alfajiri linafika Garsen na kurudi mchana. Mokowe, kwenye gati la bara la kuvukia kisiwa cha Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, lakini tangu barabara ya Garsen hadi Lamu iwekwe lami, mzigo uliotoka kwetu alfajiri unaweza kushushwa gatini mchana ule ule, upakiwe mashuani uvuke mpaka Lamu mjini, na punda wamalizie vichochoroni. Likitoka Mombasa, siku inaishia njiani. Hilo tuliseme kwa sauti. Tuseme pia ukweli wa upande wa pili: mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara hiyo ya Lamu, na kampuni yoyote yenye akili italiuliza hilo.

Baada ya kikao kile nilimchukua mpwa wangu, tukaenda kukaa chini ya mwembe pale Msabaha, kandokando ya barabara ya Mombasa, kutoka baada ya sala ya alfajiri mpaka magharibi. Kazi ilikuwa moja: kutazama malori yanayoelekea kusini. Huhitaji kulisimamisha lori kujua kama lina kitu. Tupu hupita likigonga bodi kwenye matuta, springi zimeinuka, turubai limekunjwa nyuma ya kichwa. Lenye mzigo hunyamaza, huinama, hulivuka tuta kwa adabu. Siku nzima tulisikia bodi zikigonga. Yaliyonyamaza mengi yalikuwa ya chumvi kutoka Gongoni. Yaliyobaki yalikuwa na nazi, mengine makaa, na machache sana matunda.

Chumvi nilidhani ndiyo jibu letu, kwa sababu inatoka mwaka mzima. Nikakumbuka tulivyokuwa tukifanya Shimanzi. Lori lililobeba chumvi tulilikataa kupakia maboksi mpaka lioshwe na kukauka. Chumvi inakula chuma cha bodi, inavuta unyevu, na boksi likishika unyevu chini, safu yote inalala. Mwenye kampuni ya bidhaa za dukani hatakubali magari yake yageuke ya chumvi. Labda ile iliyokwisha kufungwa kwenye pakiti na kupangwa kwenye paleti, hiyo sawa. Ya magunia, tusimwambie.

Maembe ndiyo niliyoyafuatilia zaidi. Msimu mkubwa huanza kama Novemba na kwenda mpaka Machi, na mtu yeyote aliyepita Magarini mwezi wa Desemba anajua harufu ninayoisema. Ngowe, boribo na dodo zinaozea chini ya miti. Dalali anakuja na pikapu yake, anataja bei ya kila embe, na mkulima anakubali kwa sababu kesho embe lile halitakuwa na bei kabisa. Nilimwendea mzee mmoja wa Kigiriama, rafiki wa marehemu baba, shamba lake liko upande wa Marafa. Nikamwambia, "Mzee, ikiwa lori litakuja hapa kila siku likitafuta mzigo, mtaweza kulijaza?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, embe ziko. Lakini hilo lori litatungoja?"

Alikuwa amegusa penyewe. Lori la bohari halingoji. Pale Shimanzi gari lililokaa geti kwa zaidi ya saa mbili lilikuwa limekwisha kula faida yake. Wakulima wetu wamezoea kuchuma lori likishafika, kila shamba na gunia lake, huku watu wakibishana juu ya hesabu. Ukimletea mtu wa bohari mzigo wa aina hiyo, atarudi mara moja tu.

Kinachotakiwa ni kituo cha kukusanyia. Embe lichumwe asubuhi au jioni, likiwa na kikonyo kifupi ili utomvu usimwagike kwenye ganda na kuliunguza. Lipangwe kwa ukubwa ndani ya kreti, kreti za aina moja ambazo zinapandana bila kuponda za chini. Lipoe kwanza kabla ya kupakiwa. Hili la kupoa watu hulipuuza, nami nimeona hasara yake kwa macho yangu: matunda yaliyotoka juani yakifungiwa kwenye bodi la boksi lisilopitisha hewa, joto lake linabaki humo humo, na embe moja linaloiva linaivisha majirani zake. Tukifungua mlango Shimanzi tulipokelewa na mvuke. Kwa hiyo chumba cha baridi ni lazima, na chumba cha baridi ni umeme. Hapo nina matumaini. Mtambo wa umeme wa jua ulioko Langobaya, wa megawati 52, umekuwa ukifanya kazi tangu mwisho wa 2021, na njia kubwa ya umeme ya kutoka Rabai kwenda Lamu inapita kwetu. Tunachotakiwa kupigania ni umeme huo ufike vituoni mashambani bila kukatikakatika.

Nje ya msimu wa maembe tuna nazi, na nazi haina haraka. Ni mzigo mzuri wa kuziba mapengo.

Sasa niseme juu ya kodi, kwa sababu katika kile kikao nilisikia ahadi zilizonitisha. Ndugu mmoja alisimama akasema tuiombe kaunti iisamehe kampuni kodi kwa miaka kumi. Kaunti haina uwezo wa kusamehe kodi zote. Katiba, kifungu cha 209, imeiachia kaunti kodi ya mali isiyohamishika, kodi ya burudani na ada za huduma zake. Kodi ya mapato, VAT na ushuru wa forodha ni za serikali kuu. Kampuni ikitaka nafuu ya kodi ya mapato, njia iko kwenye sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi ya 2015, na kampuni iliyopewa leseni chini yake hutozwa asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na 15 kwa kumi inayofuata. Hiyo si zawadi ya kiongozi wa Malindi wala wa Kilifi, na Mariakani wanaweza kuiomba sawasawa na sisi. Na kifungu cha 210 kinasema msamaha wowote wa kodi uwe na sheria inayouruhusu, uandikwe pamoja na sababu zake, na Mkaguzi Mkuu apelekewe. Mkisikia mtu anaahidi msamaha mezani, mwombeni awaonyeshe sheria.

Kisha fikirini kaunti inabaki na nini mkononi. Kodi ya ardhi na ada za leseni ndizo zinazozoa taka na kuziba mashimo. Na malori mazito ndiyo yanayochimba mashimo! Tukisamehe ada hizo ili tupate malori, tutayatengenezaje mashimo yake?

Marekani hili limekwisha kuonekana. Mwaka 2017 Amazon ilitangaza inatafuta mahali pa makao makuu yake ya pili. Hayo yalikuwa ya ofisi, si bohari, lakini mchezo ni ule ule. Maombi 238 yakapelekwa. Newark pamoja na jimbo lake la New Jersey wakaahidi nafuu za hadi dola bilioni 7, na hawakuchaguliwa. New York ilichaguliwa Novemba 2018 kwa ahadi za karibu dola bilioni 3, na Februari 2019 kampuni ikajiondoa baada ya wakazi na baadhi ya viongozi kupinga. Sisi hatuna bilioni za kuweka mezani, na nashukuru hatuna.

Ardhi ina machungu yake. Familia yetu ilikuwa na sehemu ya shamba upande wa Magarini. Miaka mingi iliyopita alikuja mwekezaji mmoja akiahidi kiwanda na kazi za vijana, ami zangu wakatia saini. Ua likajengwa, mlinzi akawekwa, na mpaka leo ndani ni vichaka. Karatasi ile haikuwa na mstari hata mmoja uliosema kiwanda kisipojengwa ardhi irudi. Kwa hiyo kodisheni, msiuze. Andikeni ujenzi uanze lini, na usipoanza iweje. Na walioishi juu ya ardhi hiyo bila hati, ambao mji wetu umejaa, wahesabiwe na kusikilizwa kabla ya jiwe la kwanza. Wavuvi wa Lamu walikwenda kortini 2012 juu ya ujenzi wa bandari, na Mahakama Kuu, hapa hapa Malindi, ikaamuru 2018 walipwe shilingi bilioni 1.76. Miaka sita ya kufuata kesi kwa jambo lililopaswa kuulizwa mwanzoni.

Nimebakisha ajira, ambayo vijana huniuliza kwanza. Wanangu, sitawadanganya. Bohari la kisasa lina foklifti na kompyuta nyingi kuliko makuli. Watu wa kupakia watakuwepo, ila wengi wataletwa na wakala wa vibarua, mkataba wa siku kwa siku. Nimewajua watu Shimanzi walioitwa vibarua miaka saba. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofika mwezi mmoja; huyo ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi. Wawakilishi wadi wetu waitake kampuni iliandike hilo kwenye makubaliano, pamoja na idadi ya watakaofundishwa foklifti na kusoma stoo kwenye kompyuta. Nami nawasihi vijana wa Muyeye, Maweni na Kisumu Ndogo wajifunze sasa, kabla ya geti kufunguliwa, maana likifunguliwa bila ninyi kuwa tayari watakuja wenye ujuzi kutoka Mombasa.

Lakini ajira nyingi zaidi naziona huku mashambani: wachumaji, wapangaji, wenye kreti, wenye bodaboda wa kuleta embe kituoni. Hizo zitakuwepo hata bohari likienda Kilifi, kwa kuwa magari yatapita hapa vilevile yakitafuta kitu cha kurudi nacho.

Yule kijana mwenye daftari amesema atarudi kabla ya msimu mkubwa. Safari hii sitaki tumpe picha za bahari. Nimekubaliana na mzee wa Marafa na majirani zake wanne kwamba Jumamosi tutajaribu kwa lori langu mwenyewe. Nimepata kreti 200 za kuazima. Wao watachuma embe Ijumaa jioni, zilale kivulini usiku kucha, nami nitafika saa kumi na mbili asubuhi na saa yangu mkononi, nione linajaa kwa muda gani.