Re: Yule jamaa wa Kung Pow alikuwepo kweli kwenye ile muvi ya zamani?
Mkuu umeuliza kama yule steringi wa Kung Pow, ile muvi ya vichekesho ya 2002, aliigiza kweli na wale Wachina wa zamani au ni kompyuta. Ni kompyuta. Jamaa anaitwa Steve Oedekerk, mchekeshaji wa Marekani, alichukua muvi ya kung fu ya Hong Kong ya mwaka 1976 ambayo steringi wake alikuwa Jimmy Wang Yu, akamfuta Wang Yu kwenye sini nyingi akajiweka yeye, halafu maongezi yote akayatupa akaandika mapya. Na sasa sikia hii, karibu sauti zote unazosikia mle ni zake mwenyewe, ya adui, ya mzee, ya wanawake, isipokuwa yule dada mwenye titi moja, huyo ni Jennifer Tung na aliigiza kweli. Kwetu sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video mtaani, tunamsikiliza mtafsiri Lufufu akitafsiri muvi nzima peke yake, hiyo kazi tunaijua uzito wake!

Bajeti ilikuwa kama dola milioni 10, kwa Hollywood ya 2002 hiyo ni hela ndogo sana, ndo maana yule ng'ombe anayepigana karate anaonekana feki waziwazi lakini mi ile sini naipenda kuliko zote, nimeirudia mara nyingi mno.

Kazi nyingine za Oedekerk, aliandika na kuongoza Ace Ventura ya pili ile ya Afrika, na Bruce Almighty ni mmoja wa walioiandika. Anza na hizo mkuu.