Niweke wapi data ya jeni za mtama wangu?

Swali: Daktari, salamu. Nasomea uzamili hapa Nairobi. Nimesoma jeni za mtama wa kienyeji kutoka Kitui na Tharaka, na nina vipimo vya shambani vya misimu miwili. Msimamizi wangu anataka data iwekwe kwenye kanzidata ya wazi kabla ya makala kuchapishwa. Naogopa kuibiwa. Rafiki ananishauri niweke faili kwenye akaunti yangu ya mtandaoni na kugawa linki. Pia kuna jamaa mjini anayepakia data kwa malipo, anasema ni kazi ya siku mbili. Nifanyeje?

Jibu: Hofu ya kuibiwa naisikia kila mara, na dawa yake ni nyepesi. Kanzidata za jeni kama ENA ya Ulaya, iliyoko Uingereza, na GenBank ya Marekani hukuruhusu kupanga tarehe ya kufungua data. Unapewa nambari ya usajili mapema, unaiandika kwenye makala, na hadi siku hiyo, au hadi makala yenye nambari hiyo itoke, data haionekani. Linki ya rafiki yako haikupi ulinzi huo, tena itakufa siku akaunti itakapofungwa.

Kinachoniumiza ni imani kwamba faili ikishapanda, kazi imekwisha. Unasema mche fulani una herufi ya DNA T mahali pa C kwenye kromosomu ya 6. Ulihesabu nafasi hiyo kwa jenomu, yaani ramani ya DNA yote ya mtama, ya toleo gani? Ile ya BTx623, mtama unaotumika kama kielelezo, ilichapishwa mwaka 2009 na imerekebishwa tangu hapo, na toleo likibadilika nafasi nazo husogea. Usipotaja toleo, atakayeisoma kesho ataangukia jeni jirani. Au safu imeandikwa "urefu" na chini yake 182. Ni sentimita? Ulipima hadi ncha ya suke au hadi jani la juu? Crop Ontology ina orodha ya sifa za mtama, kila sifa na njia yake ya kupima. Tumia nambari zake.

Sasa huyo jamaa wa siku mbili. Kazi za watu kama yeye nimezisafisha. Fomu inauliza latitudo na longitudo, yeye hana, basi anajaza za Nairobi kwa sampuli zote. Mtafiti anayesaka jeni za kuhimili ukame hulinganisha sampuli na mvua ya mahali zilikotoka; hapo mtama wa Tharaka unapewa mvua ya Nairobi, na matokeo yote yanapotoka. Mbaya zaidi, ENA, GenBank na mwenzao DDBJ wa Japani hubadilishana data kila siku, kwa hiyo kosa lake halikai mahali pamoja.

Data ghafi ya mashine ipeleke ENA. Faili ya VCF, yaani orodha ya tofauti za jeni ulizozipata, ipeleke EVA, kanzidata ya Ulaya ya tofauti hizo, maana tangu 2017 NCBI ya Marekani, wenye GenBank, inapokea tofauti za jeni za binadamu tu. Vipimo vya shambani viweke Zenodo, hifadhi ya wazi ya data za utafiti, upate DOI, yaani nambari ya kudumu ya kuitaja data. Mbegu ulizopewa na benki ya mbegu ya Muguga zitaje kwa nambari zake za benki, na usome masharti ya kibali chako kabla ya kufungua chochote. Majina na simu za wakulima yafute: kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Maelezo ya kila sampuli andika mwenyewe, daftari la shambani likiwa mbele yako. Nawaambia na wengine mnaotafuta wa kuwapakilia: mtu ambaye hajakuuliza toleo la jenomu, kizio cha kipimo na mahali mbegu ilikotoka, msimpe faili.