Kubadilisha mkanda wa taiming nyumbani: je, alama za rangi zinatosha?

Swali: Salaam, fundi. Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne yenye kemshafti mbili, nalo linakaribia kilomita 100,000 bila mkanda wa taiming kubadilishwa hata mara moja. Nimefungua kava ya juu nikaona mkanda hauna ufa wowote. Breki na plagi huwa nabadilisha mwenyewe, na ninazo spana na jeki. Rafiki yangu ananishauri nipake alama za rangi kwenye mkanda wa zamani na gia zake, kisha nizihamishie kwenye mkanda mpya kwa kuhesabu meno, akisema kwamba nikifanya hivyo sihitaji kuzitafuta alama za kiwandani. Je, kuna haja ya kuubadilisha sasa, na njia hiyo ni salama?

Jibu: Ubadilishe, wala usisubiri ufa. Mkanda wa taiming, ule unaoiunganisha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti, yaani kemu (shafti inayofungua vali), ni mpira uliofumwa na nyuzi za kioo ndani yake, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba mzigo wote. Mpira wa mikanda ya miaka ya karibuni unaweza kubaki laini na safi kwa nje huku nyuzi zikiwa zimechoka au mashina ya meno yakiwa yameanza kuachia, kwa hiyo macho pekee hayawezi kukupa hukumu. Kinachofuatwa ni kitabu cha gari, ambacho kwa injini nyingi hutaja kikomo kati ya kilomita 60,000 na 160,000, na mara nyingi hutaja pia idadi ya miaka. Kinachotangulia kati ya viwili hivyo ndicho kinachohesabiwa. Gari linaloegeshwa sana huzeesha mkanda hata kama kilomita zake ni chache.

Kabla ya kugusa spana, elewa kinachoweza kuharibika. Katika injini chache, kama 4A-FE ya Toyota, mkanda ukikatika vali hazifikiwi na pistoni. Injini huzima tu, ukafunga mkanda mwingine ukaendelea na safari. Katika nyingine nyingi, na karibu zote za dizeli, pistoni huzigonga vali zilizobaki wazi na kuzipinda, na hapo silinda hedi (kichwa cha injini chenye vali) lazima ishuke. Mkanda uliofungwa vibaya unaweza kuleta hasara ileile ya mkanda uliokatika. Usipokuwa na hakika injini yako ni ya aina gani, ichukulie kuwa ni ya kugonga.

Sasa kuhusu rangi. Rafiki yako hajakosea kabisa, kwa sababu alama za rangi ni shahidi mzuri wa pili, lakini haziwezi kuwa shahidi wa pekee. Ukinakili mkao wa mkanda wa zamani, unanakili pia kosa lolote lililokuwamo, iwe mkanda ulikuwa umeruka jino au ulifungwa vibaya na aliyetangulia, na injini inaweza kutembea kwa miaka ikiwa imekosewa jino moja huku mwenye gari akidhani kwamba unywaji mkubwa wa mafuta ndiyo tabia yake. Tuseme gia ya kranki ina meno 24 na ya kemu 48: jino moja ni nyuzi 15 za mzunguko wa kranki, kiasi kinachotosha kuifanya injini ikose nguvu na itetemeke ikiunguruma gari likiwa limesimama. Kosa la meno mawili au matatu huweza kuzifikisha vali kwenye pistoni.

Liko jambo jingine linalowatia hofu wengi wanaofanya kazi hii kwa mara ya kwanza. Baada ya kufunga mkanda na kuizungusha injini kwa mkono, alama za rangi zilizo kwenye mkanda hazirudi zilipokuwa. Kwa gia za mfano wetu, kranki ikizunguka mara mbili mkanda husogea meno 48, na kama mkanda wenyewe una meno 113, ile rangi itakuwa imefika mahali pengine kabisa. Nimewaona watu wakifungua upya kazi iliyokuwa sahihi kwa sababu hiyo. Alama zinazopaswa kurudi ni za gia na za mwili wa injini tu, na ndiyo maana ni lazima uzitafute za kiwandani, uzisafishe kwa brashi, na uzipige picha kabla ya kulegeza chochote.

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa waya hasi wa betri na kulipandisha gari juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Mara nyingi maunti ya injini (kishikio kinachoibeba) ya upande wa mkanda italazimika kutolewa. Hapo injini ibebwe kwa jeki yenye kipande cha mbao juu yake, ili sampu (bakuli la oili chini ya injini) isibonyee.

Bolti ya puli ya kranki ndiyo inayowakwamisha wengi, kwa kuwa si ajabu ikawa imekazwa kwa zaidi ya nyutonimita 150. Kwa gari la gia za mkono, weka gia ya juu, mtu mwingine akanyage breki, nawe utumie spana ya soketi yenye mpini mrefu. Kwa otomatiki utahitaji kishikio cha puli. Usitumie stata kuilegeza bolti hiyo, hata kama umemwona mtu akifanya hivyo, kwa sababu mpini ukiteleza unaweza kuvunja mkono wa mtu. Usitumie mkanda, uwe wa zamani au mpya, kuizuia injini isizunguke.

Bolti ikishalegea, ndipo uzungushe injini kwa uelekeo wake wa kawaida mpaka alama zikutane. Injini nyingi huzunguka kama mshale wa saa ukizitazama kutoka upande wa puli, ila injini nyingi za zamani za Honda huzunguka kinyume. Kumbuka kwamba pistoni namba moja hufika juu mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa kemu. Alama ya kranki ikikaa sawa na za kemu zikawa upande wa pili, zungusha kranki mara moja zaidi. Usiitegemee sana alama iliyo kwenye puli ya nje, kwa sababu puli nyingi zina mpira katikati, na mpira huo ukichoka duara la nje huteleza na alama yake ikasema uongo. Alama ya gia ya ndani ndiyo ya kuamini.

Pamoja na mkanda, badilisha tenshona (kifaa kinachoukaza mkanda), beringi ya kuongozea, na pampu ya maji ikiwa inaendeshwa na mkanda huohuo. Oili sili (mpira unaozuia oili isitoke) ya kranki au ya kemu ikivuja, ibadilishwe sasa, kwani oili huula mkanda mpya. Mkanda wenyewe usiukunje wala kuupindua, kwa kuwa nyuzi za kioo hukatika bila kuonekana. Ukishautoa ule wa zamani, usizungushe kranki wala kemu, na ujue kwamba springi za vali huweza kuirusha kemu ghafla. Ishikilie kwa kifaa chake.

Wakati wa kuuvisha, anza na gia ya kranki, uvute upande usio na tenshona mpaka usiwe na ulegevu, upite kwenye kemu, na ulegevu wote uishie upande wa tenshona. Tenshona ya haidroliki ibanwe polepole ikiwa imesimama wima, itiwe pini, na pini itolewe baada ya mkanda kukaa. Bolti zote zikazwe kwa vipimo vya kitabu.

Kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Ukihisi imegota mahali, simama papo hapo, usilazimishe, kwa maana hiyo huenda ni vali imekutana na pistoni, na kwa nguvu ya mkono bado hujaharibu kitu. Alama zikirudi sawa zote, zungusha mara mbili tena na uhakikishe. Zikitofautiana hata kwa nusu jino, fungua urudie. Ukirudia mara tatu bila kufanikiwa, mwite fundi aje hapo lilipo gari, na usiiguse stata kabla hajafika.

Rudisha kava, puli, maunti na plagi, ujaze maji ya rejeta na kutoa hewa, ndipo uwashe injini kwa sekunde chache tu ukiwa umetega sikio. Mlio mwembamba unaopanda na mwendo huashiria mkanda umekazwa mno. Sauti ya kuchapa kwenye kava huashiria umelegea. Zima, urekebishe, na mwisho ubandike kwenye kava karatasi yenye tarehe na kilomita za siku hiyo.