Uliza Tujibu: Jumapili nitoke na watoto twende wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka mshauri. Mimi ni baba wa watoto wawili, wa kiume ana miaka mitano na binti ana mitatu, tunakaa Tabata. Kazini natoka alfajiri narudi wameshalala, siku yangu ni Jumapili tu. Sasa mama yao kaanza kazi ya kushona na Jumapili ndo wateja wanakuja kupima, kaniambia baba nanii chukua watoto utoke nao. Washkaji wa kazini wanasema niende nao kwenye nyama choma, kuna bembea na yale majumba ya upepo ya kurukia, wao wanacheza mi naangalia mpira. Bajeti yangu ni elfu 15. Halafu huyu mdogo akiona mama hayupo ni kilio tu. Nifanyeje?
Baba wa Tabata

JIBU: Kaka, kwanza hongera kwa kuuliza, na mama watoto kafanya la maana kukuachia. Hiyo ya nyama choma mi naipinga kabisa. Utakaa na wenzio macho kwenye tivii, mtoto anakuita baba niangalie baba niangalie, we unaitikia tu hujageuka, mtarudi nyumbani mmeshinda pamoja na hamjaongea hata kitu kimoja.

Mtoto wa umri huo kwake safari yenyewe ndo matembezi, kwa hiyo wapeleke Feri mkapande pantoni. Sijaona mtoto ambae hapendi pantoni aisee. Pandeni daladala mpaka Kivukoni, nauli ya kuvuka imekuwa shilingi 200 kwa mtu mzima miaka mingi sasa, uwe na N-Card yako, ile kadi ya kulipia nauli, ina salio. Subirini magari na watu wapungue, mkiwa ndani simameni mbali na mlango wa kushushia magari, huyo mdogo mbebe na mkubwa mshike mkono muda wote hata akisema yeye ni mkubwa. Waonyeshe meli kubwa zinazoingia bandarini, maana mlango wa bandari ni huohuo mnaoukatiza, wa miaka mitano atakuuliza meli ya chuma mbona haizami na hapo ndo raha ya kuwa baba inapoanza. Ng'ambo Kigamboni kunyweni dafu, kuleni muhogo wa kukaanga, kisha mrudi. Kwenye hiyo elfu 15 chenji inabaki.

Jumapili nyingine nendeni Coco Beach, ila angalia maji. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi ukiandama, huku kwetu maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Yakikupwa yanaacha mawe na vidimbwi vina kaa wadogo, konokono, visamaki, watoto wanaweza kuchutama hapo saa nzima hawajakumbuka hata soda. Wavae viatu kwa sababu mawe yanakata na kuna urumba, wale wa baharini wenye miiba, na maji yakianza kujaa toeni miguu, msisubiri.

Wakati wa mvua kuna Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, hapo ndo lilipo fuvu la Zinjanthropus, yule mtu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, mwambie mwanao huyu mtu alitafuna hapahapa nchini kwetu zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita uone macho yake. Lakini ukiniuliza mimi, kwa wadogo Kijiji cha Makumbusho ni bora zaidi, kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, wanaingia wanatoka wanachungulia, hakuna wa kuwaambia usiguse kioo.

Kuhusu kilio: mama asitoroke kwa mlango wa nyuma, aage. Mwambie binti mama anashona, tunarudi kula nae mchana, na kweli mrudi mchana. Tokeni saa mbili asubuhi wakiwa wameshiba, saa sita muwe njiani maana usingizi ukimkuta kwenye foleni ya daladala hakuna atakaekusaidia. Mara ya kwanza fanyeni fupi. Akilia usimpe simu, mbebe mtembeetembee mkihesabu bajaji, atanyamaza mwenyewe.

SWALI: Mi nina binti wa miaka minne, nikitoka nae peke yangu shida ni choo. Cha wanaume naona aibu, cha wanawake siingii. Huwa tunakatisha matembezi.
Baba Binti, Mbezi

JIBU: Usikatishe baba. Nunua poti ndogo ya plastiki, weka kwenye begi na maji, tishu na mfuko wa kufunga, gari au kona yenye faragha inatosha. Kama mko sehemu yenye vyoo ingia nae cha wanaume, mbebe kichwa chake kikiwa begani kwako, nenda moja kwa moja kwenye chumba chenye mlango na ufunge. Watu watakupisha, wengi wao ni baba pia. Usimtume peke yake wala usimkabidhi kwa mtu msiyemjua hata kama anaonekana mama mwema. Na umkojoze kabla hamjaondoka nyumbani hata akisema hana mkojo, pia juisi mpe mkiwa mnarudi.