Wastani Peke Yake Hautoshi: Mtawanyo wa Kawaida kwenye Pakiti za Unga na Trei za Miche

Mfungashaji wa sembe ya kilo moja akiulizwa kama pakiti zake zina uzito kamili, mara nyingi hujibu kwa wastani: "Zinatoka gramu 1004." Jibu ni la kweli, na bado inawezekana pakiti tatu katika kila kumi ni pungufu. Kinachokosekana ni namba ya pili, ile inayosema pakiti zinatofautiana kiasi gani zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ndiyo mchepuko sanifu. Ukiwa na namba hizo mbili, na vipimo vyako vikifuata mtawanyo wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele, maswali mengi ya uwezekano utayamaliza kwa kikokotoo cha shule.

Kazi huanzia kwenye mizani. Pima pakiti 30, ila usichukue 30 za mfululizo. Chukua tano asubuhi, tano baada ya saa moja, na uendelee hivyo hadi jioni, kwa sababu unga hubadilika kadiri chombo cha kulishia mashine kinavyopungua. Pima pakiti tupu kumi kwa pamoja, gawa kwa kumi, kisha toa uzito huo kwenye kila kipimo. Mizani iwe inasoma gramu moja moja. Inayoruka kwa gramu tano tano huongeza mtawanyo wake juu ya ule wa unga, nawe utamlaumu mfungashaji kwa kosa la mizani.

Kwenye Casio fx-82MS bonyeza MODE kisha 2. Futa data za zamani kwa SHIFT, CLR, 1, =. Hatua hii husahaulika sana, na namba za hesabu iliyopita huchanganyika na za leo bila onyo lolote. Ingiza kila uzito na ubonyeze M+. Ukimaliza, SHIFT 2 kisha 1 na = hukupa wastani, na SHIFT 2 kisha 3 na = hukupa mchepuko. Usichague 2 kwenye menyu hiyo: hiyo hugawa kwa idadi nzima badala ya idadi kasoro moja, na kwa sampuli hutoa jibu dogo kuliko hali halisi.

Tuseme umepata wastani wa gramu 1004 na mchepuko wa gramu 8. Ni pakiti ngapi ziko chini ya kilo? Chukua kikomo unachokiulizia, toa wastani, gawa kwa mchepuko: (1000 − 1004) ÷ 8 = −0.5. Namba hii huitwa z, nayo inasema kikomo kiko umbali wa michepuko mingapi kutoka katikati. Kwenye jedwali la z, lile linaloorodhesha maeneo chini ya kengele, eneo lililo kushoto kwa −0.5 ni 0.3085. Yaani karibu asilimia 31 ya pakiti ni pungufu, ingawa wastani umevuka kilo.

Hapo kwenye jedwali ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu majedwali hayafanani. Kabla ya kulitumia, soma kwanza z = 1. Ukikuta 0.8413, jedwali linapima kutoka kushoto kabisa. Ukikuta 0.3413, linapima kutoka katikati, hivyo utaijumlisha na 0.5 au kuitoa kwenye 0.5 kulingana na swali. Ukikuta 0.1587, linakupa mkia wa kulia. Chora kengele kila mara, hata kwa mkono, tia kivuli sehemu unayoitafuta, na ujiulize kama ni zaidi au pungufu ya nusu. Mchoro huo utakuokoa kuliko fomula yoyote. Kwenye Excel au Google Sheets huhitaji jedwali: =NORM.DIST(1000,1004,8,TRUE) hutoa 0.3085. Neno TRUE lisibadilike, kwani FALSE hukupa kimo cha mchoro, na kimo si uwezekano.

Je, 31% ni kosa? Inategemea kikomo. Pendekezo R 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, huangalia mambo matatu kwa bidhaa ya kilo moja: wastani wa shehena usipungue kilo, pakiti zilizo chini ya gramu 985 zisizidi asilimia 2.5, na chini ya gramu 970 isiwepo hata moja. Kwa namba zetu, z ya 985 ni −2.375, sawa na pakiti kama 9 katika elfu, kwa hiyo kipengele cha pili kimetimia. Uliza ofisi ya vipimo ya nchi yako inatumia kikomo kipi, kisha ukokotoe kwa hicho. Mteja anayepima dukani naye ana kikomo chake, na hicho ni 1000 kamili.

Ukiamua pakiti zilizo chini ya kilo zisizidi moja katika mia, geuza swali. Z yenye asilimia moja kushoto kwake ni −2.33. Kwa hiyo lengo la mashine ni 1000 + 2.33 × 8, karibu gramu 1018.6. Maana yake unatoa bure kilo 18.6 za unga katika kila pakiti elfu moja. Wafungashaji wengi hufanya hivyo kisha wanalalamika faida haionekani. Dawa iko kwenye mchepuko. Ukiushusha kutoka 8 hadi 4, lengo linakuwa gramu 1009.3 na unaokoa zaidi ya kilo 9 kwa kila elfu, bila kuongeza pakiti pungufu hata moja. Na kuushusha si lazima ununue mashine mpya. Jaza hadi kama gramu 980 kwa kichoteo kikubwa, malizia kwa kijiko. Subiri mizani itulie kabla ya kusoma. Usiache chombo cha kulishia kishuke chini ya nusu. Unga mkavu na wenye unyevu usifungashwe kwa zamu moja, maana ujazo uleule hauna uzito uleule.

Kuna mtego mwingine kwenye mabunda. Bunda la pakiti 24 lina wastani wa gramu 24,096, lakini mchepuko wake si 24 × 8. Tofauti za pakiti moja moja hufidiana, hivyo unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 24, yaani 8 × 4.9, karibu gramu 39. Uwezekano wa bunda zima kuwa chini ya kilo 24 ni kama asilimia 0.7 tu. Kwa hiyo anayepima mabunda ataona kila kitu kiko sawa, huku theluthi ya pakiti zilizomo ndani ni pungufu. Ukitaka kujua hali ya pakiti, pima pakiti.

Usiamini mno mchepuko uliotokana na vipimo vichache. Ukipata 8 kutoka kwa pakiti 10, mchepuko halisi unaweza kuwa popote kati ya 5.5 na 14.6. Kwa pakiti 30 ni kati ya 6.4 na 10.8. Ndiyo maana ya ile 30. Na kabla ya kutumia kengele hakikisha ipo: gawa uzito katika makundi ya gramu tano, piga vijiti kwa kila kundi, utazame umbo. Katika vipimo 30, karibu 20 vinapaswa kuwa ndani ya mchepuko mmoja kutoka kwenye wastani, na 28 au 29 ndani ya miwili. Ukiona vichuguu viwili, umechanganya watu wawili au mashine mbili. Watenganishe, ukokotoe kila mmoja peke yake.

Kengele inafaa pia kwa vitu vya kuhesabu, si vya kupima tu. Abraham de Moivre aliifikia mwaka 1733 kupitia maswali ya aina hiyo, ya mafanikio mangapi yatokee katika majaribio mengi. Chukua mbegu za nyanya ambazo kiwango chake cha kuota ni asilimia 85. Unahitaji miche 160. Wengi hugawa 160 kwa 0.85, wanapata mbegu 189 na kusia hizo. Hesabu inaonyesha mpango huo una uwezekano wa kama asilimia 59 tu wa kufikisha miche 160, karibu sawa na kurusha shilingi. Jaza trei nzima ya matundu 200: wastani ni 200 × 0.85 = 170, na mchepuko ni kipeuo cha pili cha 200 × 0.85 × 0.15, yaani 5.05. Miche haina nusu, kwa hiyo "angalau 160" huanzia 159.5. Z ni −2.08, na uwezekano wa kufanikiwa ni asilimia 98. Ukiridhika na asilimia 95, mbegu 198 zinatosha. Njia hii itumie pale tu ambapo zinazotarajiwa kuota na zisizotarajiwa kuota zote zinafika 10 au zaidi. Hapa ni 170 na 30.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mbegu inaota au kufa kivyake. Trei ikikauka mchana mmoja, au pakiti ikiwa ilikaa kwenye stoo yenye joto, mbegu hufa pamoja, na mchepuko halisi unakuwa mkubwa mara kadhaa kuliko 5. Gawa mbegu kwenye trei mbili zilizokaa sehemu tofauti, na utumie kiwango cha kuota ulichokipima kitaluni kwako badala ya kile cha kwenye lebo.

Muda wa safari, mauzo ya siku na mapato usivilazimishe kwenye kengele. Daladala haiwezi kukufikisha kwa dakika sifuri, lakini mvua moja inaweza kukuweka njiani saa mbili, hivyo mkia wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Kipimo chepesi: toa michepuko miwili kwenye wastani. Ukiwa na wastani wa dakika 55 na mchepuko wa 30, unapata hasi 5, safari isiyowezekana. Hapo andika muda wa safari 30 za siku za kazi pekee, uzipange kutoka fupi hadi ndefu, uchukue ya 27. Ikiwa ni dakika 85 nawe unatakiwa kazini saa 2:00, toka nyumbani saa 12:35 asubuhi, na siku tisa katika kumi utafika kwa wakati.