Maneno wanayajua, sentensi inawashinda: ufahamu wa Kiingereza kwenye gaokao

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha Kiingereza sekondari ya juu mjini Changsha, China. Wanafunzi wangu wa mwaka wa 3 wamekariri msamiati usiku na mchana, lakini kwenye ufahamu wa gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, hasa vifungu viwili vya mwisho, wanaanguka vibaya. Niwaongezee maneno?

JIBU: Marahaba. Hapana, usiwaongezee kwanza. Mtaala unataka maneno kama 3,000 hadi kufikia gaokao, na kwa unavyoeleza wanayo. Fanya jambo moja kabla ya lolote: mkalishe mwanafunzi karibu yako, asome sentensi moja ndefu ya kifungu cha mwisho, kisha akuonyeshe kwa kidole kitenzi kikuu. Nimefanya hivyo na wengi. Kidole huangukia kitenzi cha kwanza alichokutana nacho.

Si uzembe. Chukua sentensi hii: "Mvulana aliyeokota pochi ambayo mwalimu wake aliipoteza kwenye treni alisifiwa." Kwetu, kama ilivyo kwa Kiingereza, mvulana anatangulia na maelezo yake yanafuata. Kichina hupanga kinyume: maelezo yote kwanza, halafu neno "de", ndipo mvulana atajwe. Mtoto aliyekulia humo akishaona "mvulana" huhesabu kwamba maelezo yamekwisha, anatafuta kitendo, anadaka "kuokota". Sisi tuna ile a- ya "alisifiwa" inayotukumbusha kwamba bado tuko kwa mvulana, wala si kwa pochi. Kiingereza hakina viambishi vya ngeli vya kumsaidia hivyo. Basi anajua kila neno, na habari imempita.

Dawa ni ndogo lakini inataka uvumilivu. Kila siku toa sentensi 5 za mitihani iliyopita, zisizidi. Kwa penseli, wafunge kila kishazi tegemezi kwenye mabano, kisha wasome kilichobaki nje: kiima na kitenzi chake. Baada ya hapo wafungue mabano moja moja, kwa mpangilio uleule wa Kiingereza. Na tafadhali wazuie kuandika Kichina juu ya mstari, maana ndipo wanapoipindua sentensi upya. Penseli waiache pale macho yao yatakapokuwa yanayaona mabano yenyewe.

Kwenye zoezi la kujaza nafasi 5 za kifungu kwa kuchagua kati ya sentensi 7, tatizo ni viwakilishi. Kichina mara nyingi huacha kiima kikieleweka chenyewe, na katika mazungumzo "tā" ni mwanamume na ni mwanamke pia, kama "yeye" wetu. Kila wanapokuta kiwakilishi wajiulize: huyu ni nani, hili ni lipi? Jibu likikosekana katika sentensi iliyotangulia, chaguo hilo si la hapo.

Vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, navyo vinawanasa waliokariri. Chaguo linalorudia maneno ya kifungu kama yalivyo huwavutia, ilhali jibu sahihi mara nyingi limesemwa kwa maneno mengine. Nisingesahihisha kwa alama ya vema pekee. Wadai sababu ya kukataa kila chaguo kati ya yale matatu yasiyo sahihi.

Mwisho, muda. Karatasi mnayotumia huko mkoani kwenu Hunan ni ya dakika 120 na alama 150. Ufahamu una alama 50: vifungu 4 (A hadi D) vyenye maswali 15, pamoja na zile nafasi 5, kila swali alama 2.5. Usikilizaji unakula kama dakika 20 na maandishi mawili yanataka 40, kwa hiyo mimi huwapa ufahamu dakika 35. Kifungu A, ambacho kwa kawaida ni matangazo au ratiba, dakika 4 zinatosha. Kifungu D kipate 9 au 10.

Kiingereza hufanywa tarehe 8 Juni, saa 9 alasiri, wengi wakiwa wamezoea kusoma kwa makini asubuhi. Kuanzia Mei, mazoezi ya kupima muda wafanyie saa hiyohiyo.