Maswali ya Pasaka: makaburini alfajiri tunafata nini?

Barua za safari hii karibu zote ni za Pasaka, nimechukua tatu, na hiyo ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua haimsumbui huyu binti peke yake.

SWALI: Shikamoo mama. Kwetu ni Mwanza na nimekulia kanisa la kilokole, mwaka jana nikaolewa huku Tukuyu. Mama mkwe ni Mmoravian, yaani wa Kanisa la Moravian, wa siku nyingi na ananipenda kweli, ila kasema Pasaka hii familia nzima tunaenda makaburini saa kumi na moja alfajiri, na Jumamosi yake tukafyeke na kuweka maua kwenye kaburi la baba mkwe. Nikampigia mchungaji wangu wa nyumbani akanambia nisome Kumbukumbu la Torati 18, kwamba hiyo ni mizimu tu imevalishwa kanzu. Mume wangu hasemi kitu. Sitaki kumvunjia heshima mama na sitaki kumkosea Mungu, nifanyeje? – Mkamwana, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana najua ulivyo mzito huo mzigo wa kuwa katikati ya mchungaji aliyekulea na mama aliyekupokea.

Tuanze na andiko lenyewe. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kubashiri, uchawi, na kwenda kuwauliza wafu mambo. Hilo ni kweli na halina mjadala, na mchungaji wako hajakosea kukuonya. Ila hiyo ibada ya alfajiri mi nimekua nayo, baba yangu alikuwa mchungaji hukohuko Rungwe, na toka utoto sijasikia hata mara moja mtu akimwomba marehemu kitu pale, wala kumwagiwa pombe, wala kuambiwa alinde watoto. Anayeongeleshwa ni Mungu, na wanaoimbiwa ni sisi tuliosimama kwenye matope na masweta.

Na hii kitu haikutoka kwenye mila za Kinyakyusa kama wengi wanavyodhani. Imetoka Herrnhut, kijiji cha Ujerumani ambako wakimbizi wa imani kutoka Moravia, sehemu ambayo leo iko nchi ya Cheki, walianza kujenga mwaka 1722 kwenye ardhi ya Zinzendorf, bwana mkubwa wa ukoo wa kitajiri aliyewapokea. Pasaka ya 1732 vijana wa kiume wa pale waliamka kukiwa bado giza wakapanda kilima chenye makaburi, wakaimba nyimbo za ufufuo mpaka jua likatoka. Hawakutumwa na askofu yeyote, walikuwa wamemsoma Mariamu Magdalene kwenye Yohana 20 alivyokwenda kaburini alfajiri kungali giza, na wao wakaenda. Mwaka huohuo Wamoravian wakaanza kutuma wamisionari mbali, na popote walipofika walifika na hiyo asubuhi, hata kule Salem, Marekani, wanafanya toka 1772. Huku kwetu wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, kwa hiyo hicho anachokuitia mama mkwe wako si kitu cha pembeni.

Kingine nakipenda sana. Makaburi ya wale wazee wa Herrnhut mawe yake ni ya kulazwa chini na yanafanana, tajiri na mtumishi wake wamelala sawasawa, tena hawakupangwa kiukoo, walipangwa kwa zamu ya kufa. Sisi siku hizi tunashindana kwa malumalu na vigae, kaburi moja linapendeza kuliko nyumba aliyoacha marehemu, na hilo linaniuma kweli, afadhali tungechukua na ile tabia yao pia.

Sasa nikwambie utakachokiona. Jumamosi mtaenda na mapanga na majembe, mvua za masika zinakuwa zimeotesha majani mpaka kiunoni, mtafyeka, mtapalilia, watoto watatumwa maua uani kwa jirani. Jumapili mtaamshwa na matarumbeta yakipita barabarani kwenye giza. Mtatembea kwa tochi, kuna ukungu na baridi ya Rungwe unaijua, watu hawaongei sana. Mkifika mtasimama, na katika sala mchungaji atawataja kwa Mungu wale waliolala toka Pasaka iliyopita mpaka hii, kumshukuru kwamba wako kwake na kumwomba tusitengane nao siku ya mwisho. Mwaka aliofariki bibi yangu nilimshika mama mkono pale, nikaona vidole vyake vimejaa udongo mweusi wa jana yake hata kunawa havijatakata, akawa analia na kuimba kwa pamoja, na mchungaji aliposema Bwana amefufuka, mama ndo alijibu kwa sauti kuliko wote, amefufuka kweli kweli. Mwanangu, pale ndo nilielewa ufufuo, na nilikuwa nimeshahubiriwa miaka kumi na mbili.

Ushauri wangu nenda Jumamosi kwanza, shika panga, na wakati mnafyeka mwombe mama akusimulie baba mkwe wako alikuwa mtu wa namna gani maana hukumkuta. Mweleze na hofu yako, usimfiche, mwanamke aliyekuita mwende wote hawezi kukasirika kwa swali la kweli. Ukiona Jumapili moyo bado unakataa baki nyumbani uwashe moto wa chai, hiyo nayo ni kazi na hakuna atakayekutenga. Ila mumeo aache kunyamaza, hao ni mama yake na mke wake, aseme neno.

SWALI: Kwa nini Krismasi ina tarehe yake na Pasaka kila mwaka inahama? Sisi wa kwaya tunashindwa hata kupanga mazoezi. – Mwanakwaya, Mbeya

JIBU: Kwa sababu inafata mwezi wa angani. Baada ya mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, kanisa likazoea hesabu hii: Jumapili inayofata mwezi mpevu, ule wa kwanza kuanzia Machi 21. Kwa hiyo haiwezi kuja kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, 2025 ikawa Aprili 20, 2026 ni Aprili 5, na 2027 itakuwa Machi 28. Ziandikeni nyuma ya daftari la kwaya, na mwaka ambao Pasaka inawahi mazoezi yaanze Januari, msisubiri Kwaresima.

SWALI: Mama, mi ni mama mchungaji mpya, ushirika wetu ni wa kijijini. Nimeambiwa watu wakitoka makaburini wanakuja moja kwa moja nyumbani kwa mchungaji kunywa chai, mwaka jana walikuwa zaidi ya 60. Posho ya mume wangu haitoshi hata mkate wa hao wote. Nikisema hapana nitaonekana mchoyo? – Mama wa watatu

JIBU: Usiseme hapana, ila usibebe peke yako. Kula pamoja kwa Wamoravian nako kuna chimbuko, tarehe 13 Agosti 1727 watu wa Herrnhut walitoka kwenye Meza ya Bwana wakawa hawataki kuachana, wamekaa vikundi vikundi wanaongea, Zinzendorf akaagiza chakula kitoke jikoni kwake wale hapohapo, na toka hapo ndo ikazaliwa karamu ya upendo. Lakini yule alikuwa tajiri mwenye kijiji, wewe una sufuria mbili na watoto watatu.

Nenda kwa mwenyekiti wa kina mama wiki mbili kabla, mwambie waziwazi kama ulivyoniandikia. Ndizi na viazi Rungwe havijawahi kushinda watu, kila nyumba ilete sahani moja, wenye ng'ombe walete maziwa, wazee wa kanisa wachange sukari na majani ya chai na vifike kwako Jumamosi mchana, sio Jumapili asubuhi wakati maji yameshachemka. Vikombe kila mtu aje na chake. Na wewe usikae jikoni, tafuta wasichana wawili wa kwaya wabaki na moto, uende makaburini na wenzio.